Pale Ulipoandika "Usiunganishe"

Tabitha,

Saa hii uko kwa Mama Brayo unasukwa nywele, na najua hutatoka huko kabla jua halijashuka. Kwa hivyo nimefunga mlango wa karakana, nimezima mashine, nimechukua daftari la oda za mageti na kukaa chini. Mambo ya sweta, ya pasipoti, ya kutomwachia mtu usiyemjua begi lako pale uwanja wa ndege, mama yako ameshayasema, na ataendelea kuyasema kesho mpaka walinzi wamzuie. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja nililolibeba tangu mwaka jana, na ukiondoka bila kulijua sitakuwa na amani.

Lakini kwanza nikwambie ukweli: nina furaha hata kalamu inaniruka. Mtoto wangu anaenda Kanada kusomea vile misokoto ya RNA inavyopandana! Nimemwambia kila mtu. Juzi nilimwambia afande mmoja wa Lanet aliyekuja kuchukua geti lake. Nikamwuliza, "Afande, unajua ndani ya mwili wako kuna ngazi za kuzunguka, ndogo kuliko vumbi, na zinakaliana moja juu ya nyingine bila kuchomelewa?" Akaniangalia, akaangalia geti, akasema, "Mzee, rangi imekauka?"

Wacha nianze na aibu ya kwanza, ile unayoijua, maana bila hiyo hatungefika kwa ya pili.

Ulikuwa likizo, mwaka wako wa mwisho chuoni ukikaribia. Kwa wiki mbili ulikaa kwenye kona ya karakana na waya na vifuniko vya soda, ukikunja na kukunjua, mimi nikidhani unapoteza muda tu. Siku hiyo pickup ya mteja wa Njoro ilikuwa imejaa mabati na kamba ilikuwa fupi. Nikaona waya juu ya meza, umekunjwakunjwa. Nikaunyoosha, vifuniko vikaanguka, nikafungia mabati. Gari likaenda zake. Ukaingia.

"Baba, umeona kitu yangu hapa?"

"Kitu gani?"

"Ya waya. Iko na vifuniko."

Nikaonyesha barabara kwa kidole. Hukulia. Ulisimama ukitazama vumbi la ile pickup, kisha ukasema polepole, "Hiyo ilikuwa tRNA, Baba."

Na mimi nikajibu, "Si utengeneze ingine?"

Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo nahisi joto shingoni. Sikuuliza tRNA ni nini. Miaka mitatu ulikuwa unasoma ng'ambo ya mji, saa moja kutoka hapa, na sikuwahi kukuuliza hata siku moja unasoma nini hasa. Nilijua ni sayansi. Watu wakiniuliza nilisema "mambo ya damu," na wao wakafikiri utakuwa daktari, na mimi nikawaacha wafikiri hivyo kwa sababu ilinipendeza.

Ulivuta ile stuli ya kupakia rangi ukaniambia, "Keti." Mimi, katika karakana yangu mwenyewe, niambiwe keti! Nikaketi.

Ulichukua washa kwenye kopo langu, vile visahani vya chuma vyenye tundu, zile pana za bolti kubwa, na kipande cha waya. Ukasema RNA ni uzi mmoja mrefu. Uzi huo una herufi nne, A, U, G na C, na kila herufi ina mwenzake: A humtafuta U, G humtafuta C. Kwa hivyo uzi unajirudi wenyewe, unajikunja, na pale herufi zinapopata wenzao, pande mbili za uzi hushikana na kujisokota kama ngazi ya kuzunguka. Ngazi! Hapo ndipo nilipoinua kichwa. Umekua ukiniona nikitengeneza ngazi za kuzunguka tangu hujajua kutembea. Ni kazi pekee ambayo naweza kusema bila kujisifu kwamba hapa Nakuru wanaonishinda ni wachache.

"Haya," nikasema, "ngazi moja nimeelewa. Sasa?"

"Sasa hii tRNA iko na ngazi nne fupi, na zote zinakutana mahali pamoja."

Ulinichorea kwa chaki sakafuni vile iko kitabuni: moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia. Nikasema basi ni msalaba, nitakutengenezea wa chuma kabla wikendi haijaisha. Ulicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa siku nyingi.

"Hiyo ni picha ya karatasi tu, Baba. Ndani ya mwili haikai hivyo."

Ukapanga washa moja juu ya nyingine. Ukanieleza kwamba kila jozi ya herufi ni bapa kama washa, na ngazi yote ni washa zilizolaliana. Zile za katikati zimefunikwa juu na chini, zimetulia. Lakini ya mwisho kabisa, pale ngazi inapoishia, uso wake uko wazi majini, na nyuso hizo bapa hazipendi kukaa wazi majini. Kwa hivyo mwisho wa ngazi moja ukikaribiana na mwisho wa ngazi nyingine, zinafunikana, uso kwa uso, zinakuwa kama ngazi moja ndefu iliyonyooka. Ile ya juu, yenye jozi saba, inakaliana na ya kulia, yenye tano. Ya kushoto inakaliana na ya chini. Zile nne zinakuwa mbili ndefu, na hizo mbili zinakutana kwenye kona kama herufi L.

Nikauliza swali la fundi. "Na chuma ya kushika hapo kwa joint?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Upande mmoja uzi unapita moja kwa moja, unatoka ngazi hii unaingia hii. Lakini upande wa pili uzi unatoka nje, unaenda kwa zile ngazi zingine. Kwa hivyo hapo kuna pengo. Ukiangalia utafikiri imevunjika. Haijavunjika. Inashikwa na hizo nyuso kulaliana."

Tabitha, nilichomelea mageti wiki nzima nikiwaza hilo pengo. Nikiweka kinyago usoni, nikiona mwanga wa buluu, nawaza pengo. Miaka zaidi ya ishirini nimetengeneza ngazi ambazo hakuna hata moja niliyoacha reli imekatika katikati, halafu mtoto wangu ananiambia kwamba ndani ya mkono huu ulioshika nyundo kuna ngazi za namna hiyo kwa mamilioni, na zinasimama!

Hapo ndipo niliposema tutaitengeneza kwa chuma, kubwa, na hakuna mtu atakayefungia mabati.

Kabla sijafika kwenye ile siku, nikwambie habari ya mzee Jaswant, Kalasinga aliyenifundisha kazi. Umenisikia nikimtaja, lakini hili sijawahi kulisema, hata kwa mama yako. Nilikuwa na umri kama wako sasa. Alinipa ngazi ya kwanza niipime na kuikata peke yangu, ya duka moja la vitambaa mjini. Nilipomaliza akafunga macho yangu kwa kitambaa cha kufutia mikono, akasema, "Panda." Nikapanda. Kwenye kidato cha tisa nikajikwaa nikapiga goti. Kilikuwa kimezidi wenzake kwa inchi moja.

"Mguu yako imejua," akasema. "Nani alipima?"

Nikasema tepu ilikuwa mbaya.

Alichukua tepu, akailaza juu ya rula yake ya chuma, ikalingana nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanirudishia tepu na kwenda kunywa chai. Hakunigombeza siku hiyo wala siku nyingine. Nilirudia ngazi ile mwenyewe, na wiki nzima sikuweza kumtazama machoni. Utafikiri mtu akishapitia hivyo amejifunza. Mimi nilifikiri hivyo pia.

Tuliifanya kazi yako wiki sita. Unakumbuka? Flati, vile vyuma bapa vyembamba, kwa uzi, rodi fupi kwa zile jozi, na vipande vya bati ulivyovipaka rangi nne mwenyewe. Kwa zile nyuso za mwisho nilikuwa nimeshindwa kabisa. Nilitaka bolti. Wewe ndiye uliyekwenda kwa fundi wa redio pale barabarani Kaptembwo ukarudi umebeba spika mbovu kwenye mfuko wa unga, ukazivunja, ukatoa sumaku. "Hizi, Baba. Zitashikana zenyewe bila bolti." Tukazibandika kwenye bati za mwisho, moja hapa moja pale, na ulipozisogeza karibu zikarukiana, tak! Nilikufanya urudie mara kumi. Mtu akipita nje angesema tumerukwa na akili, baba na binti wanacheka kwa sababu ya spika mbovu.

Ulinichorea mchoro mkubwa, kila ngazi na idadi ya jozi zake, kila mshale unaelekea wapi. Kwenye lile pengo ulichora duara.

Sasa ile siku. Ulitangulia chuoni asubuhi kupanga meza yako ukumbini, na mimi nilikuwa nije na molekyuli yetu ya chuma kwa pickup ya kukodi. Ulikuwa umeniambia kwamba wageni wa kutoka ng'ambo watapita meza kwa meza, na kwamba Daktari Moraa, mwalimu wako, amesema watamchagua mmoja tu wa kupendekezwa kwenda kusoma kwao Kanada. Hukusema unaogopa. Ila viatu ulivipiga rangi mara mbili.

Dereva na mimi tuliinua L yetu kuiweka garini. Ikayumba. Mkono wa juu uliinama kidogo pale kwenye maungio, sumaku ikasema tik, ikarudi mahali pake. Dereva akasema, "Mzee, hii itaanguka njiani. Si umalizie kuchomelea?" Akaonyesha pengo. Aliliona mara moja! Mtu asiyejua lolote, na jicho lake lilikwenda pale pale.

Nikaona haya. Sikufikiria RNA. Nilijifikiria mimi, fundi wa ngazi, nikiingia kwenye ukumbi wa wasomi na kazi ambayo hata dereva anaona haijamalizika. Nikawasha mashine. Nilikata ile flati iliyotoka nje kuelekea ngazi zingine, nikaikunja ndani, nikaziba pengo, nikachomelea. Nikapiga msasa, nikapaka rangi ya fedha. Ilikuwa kazi nzuri, Tabitha. Ilinyooka kama bomba. Njia nzima kwenda chuoni nilikuwa naimba.

Ulipoiona ulitabasamu, ukaizunguka, ukafika upande ule, ukasimama. Sura yako ilibadilika. Ulinitazama na mimi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Na kabla hujafungua mdomo wageni walikuwa wameshafika.

Mama yule mrefu mwenye miwani alikuuliza kwa Kiingereza ueleze. Ulianza vizuri. Uzi mmoja, herufi nne, ngazi nne. Nilikuwa nyuma ya umati, nimeshika kofia, nafuata kila neno kwa sababu nilikuwa nimeyasikia mara mia. Ulipofika pale kwenye kona ukaweka kidole juu ya chuma nilichochomelea. Kisha ukasema, ukamtazama yule mama moja kwa moja:

"Hapa kuna kosa. Pamefungwa, na hapatakiwi kufungwa. Nilichora vibaya."

Ulisema *nilichora*. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, na mdomo ninao.

Halafu ukageuka ukaita mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, kama tuko hapa nyumbani, "Baba, uko na msumeno wa chuma?"

Nikakimbia kwenye pickup. Niliporudi watu walikuwa wameacha meza zao na kuja kwako. Ulikanyaga msingi kwa kile kiatu kilichong'aa, ukaanza kukata. Sauti ya msumeno kwenye ukumbi ule! Daktari Moraa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Unga wa chuma ukaanguka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Ulipobakisha unene wa ukucha nikafunga macho, kwa sababu nilijua kazi yangu, na nilijua uzito wa ule mkono wa juu, na sikuziamini hata kidogo zile sumaku za spika.

Nikasikia msumeno umepita. Nikasubiri kishindo.

Kimya.

Nilipofungua macho ilikuwa imesimama. Pengo liko wazi, ukubwa wa kidole, na ngazi mbili zimenyooka kama moja, uso kwa uso. Ukausukuma mkono wa juu taratibu kwa kidole, ukainama, ukauachia, tak, ukarudi. "Mnaona?" ukasema. "Kinachozishika ni kule kulaliana."

Yule mama mwenye miwani akaweka kidole chake. Akasukuma. Tak. Akasukuma tena. Akacheka kama msichana wa darasa la tatu, akamwita mwenzake naye asukume. Akakuuliza ile flati iliyokatwa ilitakiwa iende wapi, ukaomba koleo, ukaikunja kwa nje mbele yake ukamwonyesha inakoelekea, jasho linakutiririka, na ukawa unaeleza huku unakunja, hukutafuta neno hata moja. Walikaa mezani kwako mpaka chai ikapoa. Meza zingine walizipitia kwa kusalimia tu.

Nilikuwa na furaha hata nikamkumbatia dereva. Ningeweza kukwambia hapo hapo. Kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri, ningekwambia na ungecheka. Ndipo tulipofika kwenye pickup ukaniuliza, kwa upole, bila hasira:

"Baba, ile drawing nilikupa, hiyo joint ilikuwa imefungwa?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Mzee Jaswant angekuwa hai angenirudishia tepu.

Ukatikisa kichwa ukasema, "Sijui nilikuwa nafikiria nini." Na tangu siku hiyo nimekuona, Tabitha. Nimekuona ukipima kitu mara tatu, ukikifuta, ukikipima tena. Nilikusikia ukimwambia mama yako siku moja alipotoka Naivasha kwenye shamba la maua anakofanya kazi, "Mimi huwa nachora vibaya, lazima nirudie." Ulisema kwa mzaha. Mimi nilikuwa mlangoni na sikucheka.

Kisha ikaja Januari, na zile ghasia za baada ya uchaguzi. Sitaandika mengi kuhusu mwezi ule, ulikuwepo. Tulikwenda Lanet kwa dada ya mama yako tukabanana vyumba viwili, na karakana nikaifunga kwa kufuli mbili ambazo hazikusaidia. Niliporudi Februari peke yangu kutazama, mlango ulikuwa umelala chini. Mashine ya kuchomelea haipo, vaisi haipo, hata sufuria ya chai haipo. Katikati ya sakafu, molekyuli yako. Walikuwa wameigeuza wakaitazama, nadhani, wakashindwa kujua itauzwa wapi, wakaiacha! Ngazi ya chini ilikuwa imepinda kidogo. Nikaiinua, nikarudisha zile nyuso pamoja, tak. Nikakaa chini kwenye vioo vilivyovunjika nikacheka mpaka nikalia.

Na karatasi zangu zilikuwa zimemwagwa kila mahali. Mchoro wako ulikuwa chini ya dirisha, una alama ya kiatu. Nikaupangusa. Kwenye lile duara, kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa, pamoja na mshale ili hata mjinga asipotee, ulikuwa umeandika: USIUNGANISHE HAPA.

Bado niko na karatasi hiyo mkononi simu ikalia. Ulikuwa wewe, na huwezi kuongea. Nilidhani kuna mtu ameumia.

"Baba! Wamenichukua! Kanada wamenichukua!"

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga maishani. Jirani yetu wa ng'ambo ya njia akatoka mbio na panga, akidhani wale wavunjaji wamerudi. "Nini? Nini?" Nikamwambia, "RNA! RNA!" Alisimama pale na panga lake, maskini, akinitazama ninavyorukaruka kwenye karakana tupu, kisha akaliweka chini akaanza kucheka naye, bila kujua anacheka nini. Hatukuwa tumeongea tangu Desemba, mimi na yeye. Siku hiyo alinisaidia kusimamisha mlango.

Ningekwambia kwenye simu ile. Nilikuwa nimeshika ushahidi. Nikajiambia, mwache afurahi kwanza. Halafu nikajiambia, ngoja visa itoke. Halafu, ngoja wiki ya mwisho. Hivyo ndivyo neno moja linavyomaliza mwaka kifuani mwa mtu. Leo asubuhi nimemweleza mama yako tukichambua sukuma wiki. Aliacha kisu akasema, "Baba Tabitha, unamwambia wewe kabla hajapanda ndege, ama namwambia mimi."

Basi nimekwambia. Mchoro uko ndani ya bahasha hii, na alama ya kiatu bado ipo. Uusome mwenyewe. Mkono wako haukukosea. Mimi ndiye niliyeliziba pengo, kwa kuona haya mbele ya dereva, na mimi ndiye niliyekuachia kosa langu kichwani mwako ukae nalo. Nisamehe. Na ukifika kwenye maabara yao, siku mtu mwenye miwani na vyeti vingi atakapokuangalia na wewe ukaanza kufuta ulichochora, ukumbuke kwamba hujawahi kuchora vibaya. Usinichukulie hili kama mawaidha. Ni habari tu, na ni ya kweli.

Sasa nina swali. Hili halinitoki kichwani. Wiki hii, mashine ya kuazima ikiwa haina kazi, nilichukua mabaki nikatengeneza ngazi nne ndogo zenye sumaku kila mwisho, nikaziweka mezani zikutane. Nimegundua zinaweza kukaliana kwa njia mbili! Ya juu inaweza kushikana na ya kulia, na ya kushoto na ya chini, kama kwenye tRNA yako. Lakini pia ya juu inaweza kushikana na ya kushoto, na ya kulia na ya chini, na inasimama vizuri vile vile. Nimejaribu mpaka vidole vimechubuka. Sasa, RNA inajuaje imchague yupi? Jumatano ulipoleta chai nilikuuliza, ukaweka kikombe chini haraka mpaka kikamwagika, ukasema, "Baba! Hiyo ndiyo naenda kutafuta. Kwa zingine tunajua. Kwa zingine, hakuna mtu anajua bado."

Hakuna mtu anajua bado! Na mimi nimeliuliza swali hilo hapa Kaptembwo nikiwa na aproni!

Kwa hivyo nenda. Nenda upesi, usigeukegeuke pale kwenye mlango wa walinzi, mama yako nitamshika mimi. Na siku utakayojua, hata kama huko kwenu ni saa ngapi, kabla hujamwambia yule mama wa miwani, kabla hujaandika popote, nipigie simu. Nataka niwe mtu wa pili duniani kujua.

Baba yako